Ua la Uzi Mwekundu

Droni za kupeleka damu zilitua kwenye paa la hospitali na kuchajiwa bila waya, juu ya sahani nyeusi. Bi Mwanakheri, mfagizi wa paa hilo, hakupenda kuziona sahani zikikaa uchi. Kwake hata redio ina kitambaa. Akazifumia vitambaa vya maua.

Fundi Sekela alipopanda, alishika kiuno. "Mama, umefunika chaja. Kuna mzazi bondeni anasubiri damu."

"Wageni wangu watue juu ya chuma kitupu, mwanangu?"

Droni ikatua katikati ya ua. Sekela akainama akivute kitambaa, lakini taa ya kijani ya chaja ilishawaka. Umeme ulipenya nyuzi bila shida. Akacheka, akaketi.

Droni ilipopaa na damu, uzi mwekundu wa kitambaa ulinasa mguuni mwake. Ua likaanza kufumuka. Bi Mwanakheri hakuukata. Aliulegeza tu, ukaenda zake bondeni.