Arlène Afuta Seva Zote

Kidole cha Arlène, chenye alama za sindano ya ushonaji, kilisimama juu ya kitufe. Angekibonyeza, seva zote, zile kompyuta za mtandaoni alizozipanga kwa mkono wiki nzima ili zifanye kazi kama timu moja, zingefutika.

Patron, yaani bosi, mtu wa Bukavu mwenye ofisi Area 47 kule Lilongwe, alikuwa amekuja kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kuziona kabla ya kumpa kazi.

"Usiguse tena, dada," alimwambia. "Iko muzuri. Kazi utapata."

"Hii nilijenga na mikono, patron. Sasa nimeandika programu itakayojenga yenyewe."

Akabonyeza.

Taa za kijani kwenye skrini zikazimika moja moja hadi ikabaki nyeusi tupu. Patron akashika kichwa. "Yesu wangu! Umebomoa yote?"

"Yote."

Arlène akaandika neno moja tu la kuiamsha programu yake, akabonyeza tena.

Seva ya kwanza ikaamka, ikaita ya pili, nazo zikaita wenzao, mpaka skrini nzima ikajaa kijani.

Patron akacheka hadi machozi yakamtoka. Akavuta kiti, akakaa kando yake.

"Bomoa tena," alisema. "Mi nataka nione."