Karatasi za Kufungia Ndagala

Tahiri alishuka kwenye basi dogo pale Rumonge, akakanyaga karatasi yenye mafuta, na kabla hajaipiga teke akayatambua maneno yake mwenyewe.

"Betri ya sola ikivimba, usiitoboe kwa msumari," ilisema karatasi. Kichwa cha ndagala, dagaa wa ziwani, kilikuwa kimeganda juu ya neno "msumari".

Akatema mate.

Alikuwa anatoka Bujumbura kuiokoa blogu yake, maana mtandao wa Rumonge hauwezi kubeba mzigo wa makala zote zile. Hakuiokoa. Kampuni iliyoihifadhi ilikuwa imezima mitambo kabla hata ya siku iliyoitangaza yenyewe. Mahali pa makala zake zote za ufundi wa simu na sola waliacha sentensi moja: Asante kwa kuwa nasi.

Asante! Tahiri hasahau. Wa kwanza kuihifadhi blogu walimkaribisha bure, wakahama bila kuaga. Wa pili walimbandikia matangazo ya dawa za kunenepesha makalio juu ya somo la kuunga waya. Wa tatu walidai kadi ya benki, kana kwamba fundi wa Rumonge anazaliwa nayo shingoni. Kila mara alijitwika makala zake kama mkimbizi, akaenda kujenga upya kwa watu wengine, na hesabu ya wasomaji ikabaki ile ile: hakuna mtu, au yeye mwenyewe akijichungulia.

Kilichobaki duniani ni makaratasi aliyoyachapisha zamani, yaliyokuwa chini ya kitanda. Na sasa moja liko barabarani, linanuka.

Akaenda sokoni mbio.

Mkewe Mwasiti alikuwa nyuma ya beseni lake la ndagala, na foleni mbele yake ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Tangu sashe, ile mifuko ya plastiki, zipigwe marufuku, kila muuza ndagala anahangaika na karatasi. Mwasiti hakuhangaika. Rundo lilikuwa pajani.

"Mwanamke, unafanya nini?"

"Karibu, Baba Sumaya. Nafanya ulichosema. Si ulitoka nyumbani unapiga kelele, blogu ikifa hayo makaratasi nifungie ndagala? Ukanipigia simu: imekufa. Mimi nikatii."

"Yalikuwa maneno ya hasira!"

"Ningejuaje? Maneno yako yote iko ya hasira."

Foleni ikacheka. Tahiri akalitazama rundo lile pajani. Miaka yote ile, macho yote aliyoyaumiza, vimefungia matumbo ya samaki! Watu hawa wangefungia hata talaka zao.

Mbele ya foleni alisimama Lukeba, yule anayechajisha watu simu karibu na kituo cha basi.

"Amahoro, Mama Sumaya. Nipimie kopo."

"Wewe tena? Tangu asubuhi unakuja, unaondoka, unakuja. Unaishi peke yako, ndagala zote hizi unamupa nani?"

"Paka."

"Huyo paka atafungua duka."

"Atafungua. Ila unifungie na hiyo karatasi ya juu, usichanganye."

"Karatasi si karatasi?"

Hapo Tahiri akalinyakua rundo lote, akalikumbatia kifuani.

"Hakuna kufungiwa tena! Hata moja! Haya, kinga mikono umwagiwe ndagala zako uende."

Lukeba akaificha mikono nyuma ya mgongo.

"Mukononi sitaki."

"Basi nenda kale majani!"

Lukeba hakuondoka. Alilitazama rundo, kisha akamtazama Tahiri usoni, kama mtu anayelinganisha picha na mwenyewe. Taratibu akatoa kwenye mfuko wa shati karatasi zilizokunjwa vizuri, zimepangwa, zinanuka samaki.

"Kumbe aliyeandika ni wewe, fundi? Mimi ndagala sili, zinanivimbisha mwili tangu niko mutoto. Betri nimeiacha wazi pale kibandani, waya mwekundu nimeshatoa. Sasa huo mweusi naufanya nini?"

Nyuma yake foleni nzima ikasogea karibu isikie.