Diski Iliyoandikwa Kalangalala

"Bernadina, umeua programu. Nilikuonya. Leo unaondoka," meneja alisema, akiichomoa diski kwenye kompyuta.

Nilikuwa mlangoni, spana mkononi.

Mwaka ule, themanini na saba, mradi wetu wa visima ulikuwa na kompyuta mbili, moja Ngokolo, Shinyanga, nyingine hapa Kalangalala. Prosesa zake, yaani ubongo wa kompyuta, zilikuwa za aina tofauti, programu ya hii haikukubali kwenye ile. Bernadina, mwendeshaji wa kompyuta, aliponipa diski nizibandike lebo, alinisihi niandike aina ya prosesa kwenye kila moja. Lakini sisi mafundi wa pampu tuliita kila mtambo kwa mahali ulipo, basi nikaandika "Ngokolo" na "Kalangalala." Kompyuta zilipobadilishana ofisi nilizisafirisha mwenyewe, lebo za diski nikaziacha vilevile, kwa hiyo diski ya "Kalangalala" sasa ilifaa kompyuta iliyoko Ngokolo, si hii.

Herufi zile nene kwenye diski aliyoishika meneja zilikuwa za mkono wangu. Bernadina akanigeukia.

"Mwambie, Baba Chiku. Diski ni nzima, majina ndiyo mabaya."

"Unajua nini wewe, fundi?" meneja akauliza.

Nikaitazama lebo ile.

"Mimi ni wa pampu tu, bosi," nikasema, nikaanza kuifuta spana iliyokuwa safi.

Bernadina akaikunja kanga aliyoikalia kitini, polepole, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kusema.