Toleo Lijalo

"Andika jina lolote, Bi Mwatumu, utalibadilisha baadaye," alisema Kilua, fundi aliyeleta programu mpya katika wodi ya wazazi.

"Jina lolote!" Bi Mwatumu, karani wa wodi, akasukuma kibodi. "Mtoto ana siku mbili. Hapa kwetu jina hutolewa siku ya saba. Programu ya zamani ilikubali 'mtoto wa Sharifa' na maisha yakaendelea. Hii yako bila jina haitoi kadi ya chanjo. Haya, nikiandika uongo, nitaubadilishia wapi?"

Kilua alijikuna kichwa. "Kubadilisha jina bado, mama. Kutakuwepo kwenye toleo lijalo."

"Ewaa! Na la zamani umekuja kulifuta leo!"

Mkono wa fundi ulikuwa tayari juu ya kompyuta kuukuu yenye programu ya zamani. Bi Mwatumu akainuka, akamchukua mtoto kutoka kwa Sharifa, mzazi aliyeketi kando akisubiri kadi, na kumpakatisha Kilua.

"Basi mshike wewe, mpaka hilo toleo lako lifike."

Kilua akasimama kama mlingoti, hathubutu kugusa kitu kingine. Kompyuta ya zamani iliendelea kunguruma. Mtoto akakikamata kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa fundi, pale penye jina, na hakukiachia.