Pale Palipokwaruzika

Bi Sikudhani alizungusha mpini wa gramafoni, akaweka santuri, akashusha sindano taratibu. Tarumbeta zikalia. Fundi Makame, mshonaji wa duka la jirani, aliyeleta gauni akakaribishwa chai, aliweka kikombe chini.

"Dansi hili nimelicheza sana ujanani."

"Basi inuka, fundi. Au magoti yamegoma?"

Wakacheza kati ya meza na kabati, huku Bi Sikudhani akitega sikio. Santuri ile ilikuwa na mkwaruzo karibu na mwisho. Sindano ikifika pale hunasa, tarumbeta ikarudia kipande kimoja tu: pa-ra-ra, pa-ra-ra. Enzi za marehemu mumewe ilikuwa mwiko kuigusa sindano hapo. Yeye na mumewe walizunguka papo hapo wakicheka, mpaka gramafoni iishiwe nguvu. Tangu amzike, miaka sita sasa, Bi Sikudhani alikuwa akiinua sindano kabla haijafika.

Leo hakuinua.

"Imenasa," fundi akasema, akinyoosha mkono.

"Iache." Aliushika mkono ule, akaurudisha kiunoni pake. "Humu ndani haiguswi. Inachezwa hivyo hivyo."

Wakazunguka pale pale, pa-ra-ra, pa-ra-ra, naye Bi Sikudhani akacheka kwa sauti iliyomshtua mwenyewe. Kisha tarumbeta ikaanza kuchoka, ikawa nzito, paa... raa... na miguu yao ikapunguza mwendo pamoja nayo.

Santuri ikasimama. Wao walikuwa bado wameshikana, na hakuna aliyekwenda kuzungusha mpini.