Makofi ya Kipsongo

Paa! Kimya. Paa! Kimya tena. Kisha sauti za wanawake zikapanda kwa pamoja: "Chifu wetu ni baba! Chifu wetu ni baba!" Paa!

Viola aliizima simu na kuitupa mezani kana kwamba imepakwa kinyesi.

"Anayeongoza wimbo ni wewe, kukhu. Usinikatalie."

Kukhu Sellah hakukataa. Bibi huyo alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, mgongo haugusi mbao, vile vile alivyoketi tangu Viola aanze kuja Bungoma kumhoji.

Mwaka mzima Viola alikuwa amekusanya simulizi za akina mama wa Kipsongo, waliong'oa vigingi vya wapimaji ili shamba lao lisinyakuliwe. Kila aliyehojiwa alimtaja Sellah kwanza. Halafu juzi, katika hifadhi ya nyaraka kule Kitale, akaikuta kanda hii. Ilikuwa imepelekwa huko na chifu mstaafu Makokha, yule yule aliyebaki na shamba.

"Hao wamama walinipenda bana," mzee alimwambia alipomwendea kuuliza, akicheka mpaka mate yakamruka. "Waliimba, wakapiga makofi. Si usikize mwenyewe?"

Alisikiza. Akaitia kwenye simu.

"Kesho tunafungua maonyesho ya simulizi zenu," alimwambia kukhu. "Wakubwa wamemwalika Makokha awe mgeni wa heshima, na picha yako iko mlangoni. Nimekuja kukuambia naibandua. Asubuhi mnang'oa vigingi, jioni mnamshangilia mwizi. Ati baba! Hamkuona hata haya?"

"Washa tena."

"Sitaki kuusikia huo uchafu."

"Washa, mjukuu wangu."

Paa! Kukhu akafumba macho. "Huyo ni Nasro," alisema polepole. Paa! "Huyo ni Hibo. Alikuwa na mimba." Paa! Mabega yake yakaruka. "Hapo ni mimi."

Viola akasonya. "Kumbe mlipokezana kupiga makofi?"

Kukhu akafumbua macho, akamtazama kama mtu anayemtazama mtoto.

"Tungepiga makofi na nini, mama? Si mikono yetu ilikuwa imefungwa kwa mti, migongo wazi."

Viola akaishika mikono ya bibi, yote miwili.

"Nakuahidi, kukhu. Kesho Makokha ataisikiza kanda yote, ameketi pale mbele ya watu. Na kila paa ikilia, nitataja jina."