Kikaratasi Chini ya Mlango

Jemadari alihamishiwa chumba cha waovu kabla ya chai, na ilipofika saa nne watoto wa shule walikuwa wameshaanza kumzomea. Jana yake tu walimpigia saluti.

Mkurugenzi wa makumbusho hakuuliza. Kikaratasi alikikuta chini ya mlango wa ofisi, kama kawaida, kwa herufi kubwa za penseli: JEMADARI, WAOVU. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya yule jini wa hadithini: WEMA. Wa historia, wa hadithi, sanamu za nta hazina ubishi, unabeba tu. Vikaratasi havikuwa na saini, na amri isiyo na saini, kila mtumishi anajua, imetoka juu kabisa.

"Masikini Jemadari," alisema bibi wa usafi, akipiga deki kwa ile sabuni yake ya ndimu iliyokuwa ikimpigisha Mkurugenzi chafya kila asubuhi. "Ila naye alizidi kiburi."

"Bibi, chunga ulimi. Kuta zina masikio." Kisha akakumbuka. "Barua yako ya kustaafu umeipata? Mwisho wa mwezi unapumzika."

"Nimeipata, baba. Miaka thelathini. Mungu yupo."

Kesho yake kikaratasi kilisema: MKURUGENZI, WAOVU.

Akakaa sakafuni. Wamejua! Wamejua kwamba taji lililo kichwani mwa sanamu ya Malkia ni la bati, na lile la dhahabu limefichwa kabatini kwa shemeji yake. Jela aliiogopa kuliko kifo. Mficha uchi hazai, akajiambia. Anayekiri mapema huenda akahurumiwa.

Akaandika kurasa tatu bila kupumzika. Akamtaja mpaka shemeji. Akatia saini, akamwita dereva.

"Wizarani. Mkononi mwa Waziri mwenyewe. Haya, mbio!"

Gari likatoka getini. Mkurugenzi akabaki dirishani akilisindikiza kwa macho mpaka likapotea, jasho likimtiririka. Leso hakuiona, akajipangusa uso kwa kilichokuwa mkononi, kile kikaratasi.

Kilinuka ndimu. Akapiga chafya.

"Afya, baba," ikaitika sauti ukumbini, na ndoo ikaburuzwa.